Nyanya Aliyekimbia Kabla ya Jua

Ule ulikuwa mwaka tuliokula mahindi ya njano ya msaada. Tarehe usiniulize, shule niliiacha darasa la nne, lakini mtu yeyote wa rika langu kando ya ziwa atakuambia: ugali ulikuwa na rangi ya mafuta ya kuku, ulinuka gunia, na watoto tulipigania ukoko wa sufuria kama mbwa. Mwaka huo niliukumbuka wiki iliyopita kwenye zahanati hapa Macalder. Muuguzi, msichana mdogo tu, alinipima presha, akatazama mashine, akanipima tena. "Dani," akasema, maana nyanya kwa Kijaluo ni dani, "wewe unakula nini?" Nikamwambia mboga chungu, uji wa wimbi bila sukari, na kila alfajiri natembea kabla jua halijanikuta kitandani. Akacheka, akasema niwafundishe wenzangu. Mimi sikucheka. Maneno kama hayo niliwahi kujisifia nayo darasani, yakamwaga damu.

Huku Migori niliolewa tu. Nilizaliwa kisiwani Rusinga, nikalelewa na mama ya baba. Watu walimwita Mikayi, yaani mke mkubwa wa boma, na alilibeba jina hilo kama mtungi uliojaa. Alikuwa mrefu, mkavu kama kuni. Meno sita ya chini aling'olewa ujanani kama desturi ilivyotaka, na kwa yaliyobaki bado alivunja mfupa wa kuku. Jogoo wa kwanza akiwika alitumwagia maji baridi usoni. Ukigeukia upande wa pili, fimbo. Tulishuka ziwani umande ukituuma miguu, korongo wakikohoa kwenye mafunjo, yeye mbele na kanga moja kiunoni. Alitembea kwa kasi mpaka kwenye jiwe kubwa na kurudi, sisi nyuma tunahema. Kisha aliingia majini akajisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikawaka. Aliyeogopa mamba alisukumwa.

Nyumbani ilikuwa uji wa wimbi uliochacha kidogo, mnavu na mgagani uliolala kwenye maziwa, omena wachache, wale dagaa wa ziwani. Harufu ya mgagani ule naisikia mpaka leo. Ukipeleka mkono kwenye chungu mara ya pili, mwiko ulikushukia vidoleni. "Tumbo ni mgeni," alisema, "usimpe kitanda." Na ukikaa kivulini mchana alikuinua kwa sikio: "Ukiketi sana, ardhi itadhani umekuja kulala." Nilimchukia kila asubuhi, na kila jioni nilimwambia mtu yeyote aliyenisikiliza kwamba hakuna mzee kama wangu kisiwa kizima.

Mwaka ule wa mahindi ya njano surua iliingia. Jirani yetu, mvuvi, alizika watoto wawili katika mwezi mmoja. Watoto wanakufa, na nyanya yangu anapita mbele ya boma la mvuvi huyo kila alfajiri, mgongo umenyooka. Watu waliona.

Shuleni mwalimu alifundisha afya: kunawa mikono, kula mboga, kufanya mazoezi. Akauliza ni nyumbani kwa nani wanafanya mazoezi. Niliinuka kabla hajamaliza. "Nyanya yangu hukimbia kila siku kabla jua halijatoka," nikasema, "na hakuna anayeweza kumshika."

Hakukimbia, rafiki yangu. Alitembea. Mimi nilitaka tu kumkuza. Chaki ya mwalimu ikasimama ubaoni. Kwetu mtu anayekimbia gizani ana jina moja: jajuok, yule mchawi anayekimbia uchi, anatupa mawe juu ya mapaa, anakula siku za watoto wa wenzake ili zake ziongezeke. Mwalimu akaniambia nikae, upesi. Lakini binti wa jirani, dada ya wale waliozikwa, alikuwa dawati la nyuma.

Walikuja siku ya tatu, asubuhi, jua limetoka vizuri. Nyanya alikuwa anaanika omena juu ya wavu. Jirani alitangulia na panga. Nyuma yake niliona watu wetu: muuza chumvi, hata yule mama aliyenipokea nilipozaliwa, na jiwe mkononi.

"Mikayi," jirani akasema, "mjukuu wako ametuambia unakimbia. Leo kimbia tukuone."

Wakacheka. Nyanya aliendelea kugeuza omena. "Anayekimbia ni mwenye pa kwenda," akasema. "Mimi niko kwangu."

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Akaokota mchi wa kinu akampiga jirani nao kwenye taya, na nikasikia taya likivunjika. Hapo wote wakamwangukia. Rungu, mateke, mawe. Mtu akamwaga mafuta ya taa juu ya nyasi za paa, nyumba ikawaka na mbegu zetu zote ndani. Nilipiga kelele kwamba nilidanganya, kwamba anatembea tu, nikarudia mpaka sauti ikakatika. Aliyenisikia ni nyanya peke yake. Alinitazama kutoka chini, jicho moja limefumba.

Shemeji yake, mzee wa boma, akamlalia kumkinga, akamsihi aape tu kwamba hatatoka tena kabla ya jua, watu wataridhika. Nyanya akatema damu, akasema miguu ni yake na ziwa halina mlango. Wakamburuta mzee kando. Kijana mmoja akainua jiwe la kusagia kwa mikono miwili akaliangusha juu ya nyonga ya nyanya. Mlio ule sitausimulia. Kijana akajifuta mikono. "Sasa hatakimbia," akasema, na wakarudi msibani kwa jirani kunywa chai.

Alilala misimu miwili ya mvua. Wageni walimletea chai ya sukari na mandazi, na sasa alikunywa, alikula. Miguu ikawa vijiti, mgongo ukaoza vidonda. Mimi nilichota maji ya ziwa alfajiri nikamwosha. Hakunilaumu. Mara moja tu alisema, "Ulinisifu vibaya, lakini ulinisifu." Watu husema aliuawa na mawe. Mimi nilikuwa pale: kitanda ndicho kilichomuua.

Njia ile sasa iko chini ya maji, ziwa lilipanda likaimeza pamoja na jiwe kubwa. Mgagani wa maziwa watoto wangu wanaufinyia pua. Waliompiga wengi wamekwisha, na yule wa jiwe la kusagia, ugonjwa wa sukari ulimla miguu yote miwili. Sikufurahi, wala sikulia.

Na jana binti yangu alikuja, hata hakuketi. Kuna mtoto amefariki huku kwenye mashimo ya dhahabu, na watu wameanza kuuliza ni bibi gani huyo anayepita gizani kila siku bila kuchoka. Akaniomba nisubiri jua lipande, nikae ndani kama wanawake wengine wa umri wangu. Nikamwambia, "Sitaki. Wakinitaka, wanikute njiani."

Akalia. Akanishika mikono, akaniomba tena, taratibu, kama anayesema na mtoto.

"Sitaki. Wakinitaka, wanikute njiani."