Matundu Matatu ya Sindano

Mama mdogo wangu alifukuzwa kazi kwa kosa la kujua hesabu.

Alikuwa mhasibu wa karakana ya samani kwa miaka kumi na tisa. Maseremala walimwita Mama Risiti, kwa sababu hata ukitumwa misumari ya kujaza kiganja, ukirudi bila risiti ulijuta kuzaliwa. Kisha Bosi akamkopesha shemeji yake, kaka wa mkewe, vitanda na makabati ya hoteli nzima: milioni mia moja themanini. Shemeji hakutoa pesa. Alisaini hati ya ahadi kwamba atalipa baada ya mwaka, pamoja na riba ya asilimia ishirini.

Kwenye vitabu, hati ya namna hiyo huhesabiwa kuwa mali ya kampuni, sawa na mashine au mbao zilizo ghalani. Hapo ndipo wajanja hujificha. Mwaka ulipokwisha shemeji hakulipa, na Bosi akaleta hati mpya ya milioni mia mbili kumi na sita.

"Hizo thelathini na sita zilizoongezeka, andika ni faida."

"Faida ipi, Bosi? Haijaingia hata senti."

"Imo kwenye hati."

"Basi na mafundi walipie watoto wao karo kwa hati."

Wiki hiyohiyo mama mdogo akafukuzwa. Bosi hakuridhika na hilo; akaeneza kwamba pesa za ofisi zilikuwa zinapotea, na picha ya mama mdogo ikabandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Nani angemwajiri tena? Miaka miwili alikaa kwenye meza ya kukodi mbele ya duka la fotokopi, akiwajazia wauza viatu fomu za kodi. Mwanawe wa mwisho akaacha shule. Mimi nilikuwa chuoni nikifundishwa maadili ya uhasibu, na kila nikirudi likizo nilimkuta pale juani.

Mmoja wa wateja wake alikuwa mwanamke mwenye malori. Siku moja alikuja na habari: Bosi anauza karakana, na yeye anataka kuinunua.

"Njoo unisomee vitabu vyake."

"Unajua yule mtu alinifanya nini?"

"Najua. Ndiyo maana nakuambia mapema, sinunui chuki yako. Nionyeshe karatasi."

Nilimuuliza mama mdogo kama atamsamehe Bosi. Akacheka. "Nitamsamehe. Nikishamaliza."

Jumanne asubuhi walifika getini. Mlinzi akaona haya. "Mama, hii picha..."

"Naiona. Kumbe nilikuwa mnene."

Ndani, Bosi alifungua mikono. "Karibu, dada yangu! Yaliyopita si ndwele."

"Yangu bado inauma. Lete vitabu."

Mali zote zilikuwa milioni mia tisa. Kati ya hizo, mia tatu na kumi na moja zilikuwa hati moja ya shemeji. Theluthi nzima ya kampuni ilikuwa karatasi. Mama mdogo hakutaka kuisoma kwenye daftari; akaomba hati yenyewe. Ikaletwa ndani ya jalada la plastiki, wino mpya, tarehe ya kulipwa ikiwa bado miezi minane.

"Mbona safi," alisema mwenye malori. "Haijachelewa."

"Lile la zamani alishalilipa, hili ni deni jipya," Bosi akadakia. "Muungwana sana yule."

Mama mdogo akaiinua hati dirishani. Kwenye kona ya juu palikuwa na matundu matatu madogo.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake, na aliyeuanzisha ni yeye. Hati ikibadilishwa, ya zamani haichanwi. Inashonwa kwa uzi nyuma ya mpya, ili anayelishika deni ashike na ukoo wake. Mhasibu aliyerithi kiti chake alikuwa mwanafunzi wake, na aliendelea kushona. Bosi hakuwahi kujali makarani wanafanya nini na sindano. Asubuhi hiyo alikata uzi, akamwambia mhasibu azifiche hati za zamani, akadhani amemaliza.

"Bosi, hati ya kwanza ya deni haishonwi. Hii ilishonwa na nini?"

"Hiyo ni stepla."

"Stepla ina meno mawili. Haya matatu." Akamgeukia mhasibu. "Mwanangu, wenzake wa hii wako wapi?"

"Usimjibu!" Bosi alifoka.

"Kama hakuna kitu," alisema mwenye malori, "kwa nini asijibu?"

Mhasibu aliinama mezani. Kisha akavuta droo ya chini, akatoa karatasi tatu zenye uzi mweupe unaoning'inia. Mia na themanini. Mia mbili kumi na sita. Mia mbili hamsini na tisa. Deni lilikuwa linanenepa kwa sababu halilipwi, na kila mwaka unene huo uliandikwa kuwa faida.

Bosi akamvuta mama mdogo kando, mlangoni. "Dada, kazi yako nakurudishia. Picha naitoa leo. Sema tu deni linalipika."

"Mwanangu wa mwisho amekaa nyumbani miaka miwili. Wewe ulikuwa unamlea shemeji."

Kesho yake mama mdogo alikwenda kwenye hoteli ya shemeji kujihakikishia. Kufuli lilikuwa na kutu, na vitanda vilishauzwa. Akarudi mezani kwake, na kwenye ripoti, mbele ya hati ile, akaandika sifuri. Watu husema kisasi ni dhambi. Mimi sioni dhambi katika sifuri ya kweli.

Mwenye malori alinunua karakana kwa bei isiyohesabu hati ile, na kwenye mkataba akamwachia Bosi zile karatasi nne azidai mwenyewe. Sasa Bosi hana karakana, na akitaka pesa yake lazima amshtaki kaka wa mkewe. Mkewe amemwambia mbele ya majirani, "Mpeleke ndugu yangu mahakamani, halafu utafute pa kulala."

Habari hiyo aliileta fundi mmoja. Mama mdogo akaweka kalamu chini, akamsogezea kiti, akamwomba aisimulie tena tangu mwanzo, polepole.