King'ora cha Kuanulia Nguo

Watu wengine king'ora chao ni cha wezi. Chetu, kwa mama yangu kule mtaa wa Jericho, kilikuwa cha kuanulia nguo, na mimi sijawahi kuona aibu kusema hivyo.

Baba ndiye aliyekifunga. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa kufanya kitu mara moja na kukifanya imara. Alipitisha nyaya kutoka mlangoni, akazizungusha sebuleni hadi chumbani, akazigongomea ukutani kwa vimisumari vidogo, halafu king'ora chenyewe akakiweka juu ya paa. Siku za mwanzo kikilia, majirani wote walitoka na rungu. Lakini Baba alifariki, panya wakatafuna nyaya, unyevu ukaingia, na kile kitu kikashika tabia moja ya ajabu: mvua ikikaribia, kinalia. Majirani wakazoea. Kikianza tu, utasikia milango inafunguka na akina mama wanakimbilia kamba wakiitana, "Anueni! Anueni nguo!" Mama naye akajivuna kabisa, eti hakuna nguo ya jirani iliyonyeshewa yeye akiwepo.

Tulicheka hadi siku mwizi alipokuja kweli. Mchana peupe, haki ya Mungu! Mama alikuwa amelala, mafua yamembana. Mwizi akausukuma mlango, king'ora kikalia, na majirani wakatoka mbio, wakaanua nguo. Mama alipofika jikoni alimkuta jamaa ameukumbatia mtungi wa gesi. Wakatazamana. Yule jamaa, bila haya, akamsalimia kama mama yake, "Sasa mathe," akautia mtungi begani, akaenda zake. Jirani mmoja, shuka zimemjaa mikononi, akamfungulia geti akidhani ni mtu wa duka anaenda kubadilisha gesi.

Kaka yangu mkubwa anaishi Eldoret. Tangu tumzike Baba hakuwa amekanyaga Jericho, lakini habari ya mtungi ilipomfikia alipiga simu mara hiyo hiyo. "Mama anahamia ushago, kijijini kwetu. Jumapili nakuja na pikapu," akasema, akakata. Yeye ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akisema, wengine tunakunja mkia. Mama hakubishana naye. Alinibishia mimi. Aliingia kwenye nyumba ile akiwa bibi harusi. Kanisa lake liko hapo, chama chake kiko hapo, mama mboga wake anamjua mpaka aina ya sukuma wiki anayoipenda. Ushago kuna nyumba iliyofungwa kufuli na mashemeji wa kununiana nao. "Huko nitakufa kwa kimya, mwanangu," akaniambia, na sauti yake ilinikata maini.

Ndipo nikaamua. Kama shida ni alamu, basi alamu nitaleta, tena ya kisasa, isiyo na waya hata mmoja! Niliinunua mjini, nikaipeleka kwangu mtaa wa Tena, nikaimwaga kitandani. Jamani! Vijidude vyeupe vidogo, viwili viwili: kimoja unakibandika kwenye mlango, kingine kwenye fremu, na vikiachana tu, king'ora kinalia na simu yako inapata ujumbe. Pamoja navyo kulikuwa na rimoti ndogo yenye kitufe chekundu cha kuomba msaada. Nikabandika viwili kwenye kabati langu la nguo kwa majaribio. Nikafungua, simu ikalia. Nikafunga. Nikafungua tena. Mtu mzima na akili zangu, nilicheza na mlango wa kabati mpaka ugali ukaungua.

Jumamosi nikaingia Jericho na bisibisi na ngazi ya kuazima. Kung'oa nyaya za Baba kulikuwa utamu wa ajabu: unavuta hapa, vimisumari vinachomoka tap, tap, tap, rangi inapukutika, waya unakufuata chumba kizima. Mama alisimama katikati ya vumbi ameshika kiuno. Nilipofika juu ya mlango aliniambia nipoe kidogo, hapo Baba alikuwa amesimama siku nzima kwenye stuli. Nikapoa. Kisha nikavuta.

Kufunga ile mpya hakukuchukua muda wa kuchemsha maharagwe. Nilikibandika kila kidude mahali pake, nikakitundika king'ora nje juu ya dirisha, nikaanza kurukaruka kama mtoto. "Mama, ziba masikio, nakijaribu!"

"Wee! Hebu koma!" Mama akaninyang'anya rimoti. "Hutakiliza."

"Sasa tutajuaje kinafanya kazi?"

"Simu yako si imelia ulipofungua mlango?"

"Simu ndiyo, lakini sauti ya nje nimeizima. Majirani lazima waisikie, waijue!"

"Wakiisikia leo, kesho wameizoea." Akaifunga rimoti kwenye pindo la leso yake, pale anapofungaga hela za soko, akalikaza fundo kwa meno. Nikawasha sauti ya nje, ya kitufe saa zote na ya mlango Mama akilala au akitoka tu, nikakasirika, nikarudi Tena bila hata kunywa chai.

Jumapili nilimkuta ametoka kanisani na ameinjika sufuria ya matanga, ile kubwa ya chama. Chai imejaa pomoni. Pembeni kuna beseni la mandazi limefunikwa kitambaa.

"Mama, tuko watatu tu! Nani atakunywa yote haya?"

"Koroga, isishike chini."

Kaka akafika. Akamkumbatia Mama, akanisalimia, akaitazama kazi yangu ukutani kwa nusu jicho. Nilimfungulia mlango, nikaufunga, nikamwonyesha simu, nikaeleza mpaka mate yakakauka. Akatikisa kichwa.

"Ni kitu kizuri, dada yangu. Lakini kikilia, nani atakuja? Hawa watu si wataanua nguo?"

Hapo ndipo nilipokiona kiherehere changu chote kilivyokuwa bure. Kidude cha plastiki hakiwezi kumshika mwizi, na simu yangu ikilia Tena, mimi ni wa kufika Jericho na kukuta gesi imekwenda. Kaka aliingia chumbani, akatoka na sanduku la bati la Mama, akalitia begani, akaelekea kwenye pikapu. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, anafungua pindo la leso pole pole, nami nikadhani anatafuta kitambaa cha kufutia machozi.

King'ora kikalia.

Woi! Sauti ile haikuwa ya Baba. Ilikuwa kali, nyembamba, ya kutoboa masikio, na jua linawaka, mbinguni hakuna wingu. Milango ikafunguka papo hapo. Mama wa nyumba ya pili alitoka na mwiko, unga bado unadondoka. Mzee mmoja, askari mstaafu wa kanjo ya jiji, alitoka na rungu, taulo kiunoni. Mwenye duka la ng'ambo, ambaye hata saa ya swala huwa anafunga nusu mlango tu, aliacha duka wazi akaja na jiwe la mizani. Na wote waliona kitu kimoja: mwanamume mwenye ndevu na kitambi, wasimtambue baada ya miaka yote ile, sanduku la Mama begani, pikapu imewashwa.

"We jamaa! Weka hiyo kitu chini!"

"Ni kwa Mama! Ni mama yangu!" Kaka analia, amekabwa kola, taulo la mzee linaanguka, mimi nakimbia nikipiga kelele na kucheka na kulia, vyote pamoja. Aliyemkaba kwa nguvu kuliko wote ni yule jirani wa shuka, yule aliyemfungulia mwizi geti.

Mama akatokea mlangoni, akabonyeza rimoti, kimya kikarudi.

"Mwacheni, ni kifungua mimba wangu," akasema. "Lakini mlisikia vizuri. Kulikuwa na mtu anabeba vitu vyangu na mimi sijamruhusu." Halafu akawageukia. "Ingieni, chai iko. Siku nyingine mkikisikia, mje na rungu hivi hivi, lakini chai hakuna."

Waliingia wote, hata mzee, taulo amelikaza. Wengine walikaa sakafuni, na beseni likaisha. Jirani wa shuka alimpa Kaka andazi la mwisho kwa mkono wake, akamwomba radhi kwa kola. Kaka alilila taratibu, anawatazama mmoja mmoja. Kisha akatoka nje, akaizima pikapu, akarudi na sanduku begani.

"Niliweke wapi, Mama?"

"Pale ulipolitoa."