Jina la Mama Pangoni

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja ambayo mpaka leo hunitia haya, na sasa nina wajukuu.

Nilikuwa kijana, afisa wa uvuvi, nimepelekwa Thailand kusomea ufugaji wa samaki katika mji mdogo kando ya mto. Mpishi wa hosteli yetu, Mama Noi, alikuwa mjane wa rika la mama yangu. Alijua mama ni mgonjwa huku nyumbani Port Victoria, kando ya ziwa, na kila asubuhi aliniuliza hali yake. Jumapili hiyo akanitembeza kwenye mahekalu ya Wabudha.

Tulianza na pagoda, mnara mweupe wa ibada juu ya kilima, kisha tukateremka hadi pango lililofanywa hekalu. Viatu tuliviacha nje. Sanamu za Budha zilijaa ukutani, nyingine ndogo kama kidole, mpaka kule mwanga usikofika. Mama Noi akapiga magoti na maua yake, akanigeukia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Mama yako anaitwa nani? Nimtaje hapa, apone."

Mimi, mwanakwaya, niliogopa, na woga ukanifanya mkali. "Usitaje jina la mama yangu mbele ya sanamu zako!"

Watu waligeuka. Mama Noi aliweka maua chini, akainama peke yake. Njiani alininunulia ndizi za kuchoma. Hata hizo nilizikataa.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama kwa majivuno, nikingoja sifa. Alikuwa amekonda sana. Akaniita "wuoda", yaani mwanangu kwa Kijaluo chetu.

"Wuoda, mimi namwomba Yesu, na sitaacha. Lakini huyo mama alikukosea nini? Alitaka nipone. Mwandikie."

Nikasema nitaandika. Kazi ikawa nyingi, mama akafariki, na barua niliituma baada ya matanga. Jibu lilitoka kwa mpishi mwingine: Mama Noi naye alikuwa ameshafariki.

Basi, mwanangu, ukialikwa mahali wengine wanaposali, ingia kwa heshima. Usiloweza kulifanya, likatae kwa upole. Imani yako haitapungua. Na ukimkosea mtu, mwombe msamaha angali anaweza kukusikia. Mimi nilichelewa.

Mungu akulinde kila uendako, akupe ulimi wa upole, na akujalie uzee usio na majuto kama haya yangu.