Cecilia na Shamba Lililoungua Bila Moto

Ukitaka kumjua Cecilia wa mlimani, anza na pua yake. Kabla hajakusalimu sawasawa alikuwa ameshainama, ameokota bonge la udongo shambani kwako na kulinusa, na ukimwona amekunja uso ujue ana la kukwambia, nawe utalisikia utake usitake. Watu walimcheka. Walimcheka mchana kutwa, lakini msimu wa kupanda ukikaribia walimfuata mmoja mmoja, kila mtu na bonge lake kwenye jani la mgomba.

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, reli imeshafika Morogoro na vita vikubwa havijaja bado. Cecilia alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwenye binti mmoja, Modesta, na shamba moja kwenye mteremko juu ya misheni. Shamba lilitoka kwa bibi yake, likaja kwa mama yake, likaja kwake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Ila mwenye kauli ya mwisho ni mkubwa wa ukoo, na huyo alikuwa mjomba wake, Mzee Dadi, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Sheria aliyoisimamia ilikuwa moja: anayeiharibu ardhi ya ukoo anaondolewa juu yake.

Kwenye mteremko ule wanawake hawakuchoma majani. Walichimba mitaro ya kukingama mteremko, wakalaza humo magugu na mabua, wakafukia. Waliita kulilisha shamba. Cecilia aliongeza jambo alilofundishwa na mama yake. Alifukia kipande cha mkeka mkuukuu wa ukindu, upana wa kiganja, na mara kwa mara alikifukua aone udongo umekila kiasi gani. Kwa kawaida msimu uliisha kipande kikiwa bado kinashikika mkononi.

Basi Bruda Alois wa misheni, Mjerumani mrefu aliyeipenda bustani yake kuliko chakula, akaletewa magunia ya chumvi nyeupe kutoka ng'ambo. Haikuwa chumvi ya mchuzi, ilikuwa ya kustawisha mimea. Akatafuta mtu wa kuijaribu mlimani, na angekuwa nani kama si Cecilia? Kabichi zikaja kubwa hata Modesta akawa anazibeba moja moja, kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Mwaka wa pili nusu ya mteremko ilinyunyiziwa, na ni Cecilia mwenyewe aliyepita nyumba kwa nyumba akiwahimiza majirani. Tena, chumvi ikitosha, nani ajichoshe na mitaro? Majani yakashushwa misheni wakalalie ng'ombe.

Mkeka nao ukaanza kuyeyuka. Kipande alichofukia hakikumaliza mwezi. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu anayejua, maana asiyejua asingefukia mkeka: alifurahi. Akawaambia majirani, "Udongo umepata nguvu, unakula kama kijana!"

Mwaka wa tatu, vuli, alikuwa ameshanyunyizia nusu ya shamba alipoinama akaokota bonge. Halikunuka kitu. Weusi wake ulikuwa umepauka, likavunjika vumbi vidoleni, na mvua ya kwanza ilipopiga maji yalishuka mtoni mekundu. Cecilia akaketi ukingoni mwa shamba. Chumvi imeuamshia udongo hamu ya kula, na yeye ameunyima chakula. Sasa unakula nini?

Akashuka misheni na jembe begani.

"Bruda, chumvi yako inalisha mmea au inalisha udongo?"

Bruda Alois akacheka. "Mmea, Mama Cecilia. Udongo si mnyama."

"Si mnyama, lakini unakula. Na kinachokula kinahema."

Bruda akaacha kucheka. Nawasifu wote wawili kwa dakika ile, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kunyamaza afikiri. Akachukua chokaa ya ujenzi, akaikoroga ndani ya maji, akaacha itulie, akachota maji ya juu yaliyo maangavu. Akatia kidogo kwenye bilauri, akapulizia kwa unyasi, na maji yakageuka kama tui.

"Ni hewa hii inayotoka kinywani," akasema, "na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye kuni zikiungua. Tukaone kama inatoka na shambani kwako."

Wakapanda na bakuli mbili za maji yale. Moja wakaiweka juu ya udongo uliotiwa chumvi, nyingine juu ya nusu isiyotiwa, kila moja wakaifunika kwa chungu na kusiliba ukingo wa chungu kwa tope. Kesho yake asubuhi wakafunua. Kwenye nusu isiyotiwa chumvi, maji yalikuwa na utando mwembamba tu. Kwenye nusu ya pili yalikuwa tui zito.

Cecilia akaiinua ile bakuli. "Kumbe shamba langu linaungua bila moto," akasema.

"Chumvi si sumu," Bruda akajitetea, uso umemwiva. "Ila bila majani, udongo unakula akiba yake, nayo inaondoka hewani. Vitabu vyangu hupima kabichi, Mama. Hili havikulipima."

Shida ilikuwa kwamba wiki mbili mbele ukoo ulikuwa unakutana kugawa mashamba. Modesta alikuwa ameposwa na Stefano, na shamba lile ndilo angepewa waanzie maisha. Cecilia alipomweleza binti yake, Modesta alilia.

"Mama, nyamaza mpaka nigawiwe. Tutalitibu wenyewe, taratibu."

"Na wale niliowapelekea chumvi kwa mikono yangu, wao nani atawaambia?"

"Utaniacha bila pa kulima!"

Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini siku ya mkutano alisimama mbele ya ukoo mzima, bakuli ya tui mkononi, akasema yote: chumvi, mkeka, furaha yake ya kijinga, mitaro aliyoiacha na kuwafanya wengine waiache. Hakumtaja Bruda kwa ubaya. "Mimi ndimi niliyewaambia," akamaliza. "Rudini kwenye mitaro."

Mzee Dadi aliinamisha kichwa. Alimpenda mpwa wake kuliko wote, kila mtu alilijua hilo, na ndiyo maana sauti yake ilikwaruza. "Umeiharibu ardhi, na umesema mwenyewe. Shamba linarudi kwa ukoo. Modesta atangoja."

Modesta akatoka bila kumtazama mama yake.

Asubuhi iliyofuata Mzee Dadi alipanda mlimani akamkuta Cecilia kwenye shamba lile lile, jasho linamtiririka, mzigo wa nyasi kando yake na mtaro umefika magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, shamba si lako tena."

"Najua, mjomba. Lakini njaa yake ni yangu."

Mzee akashuka zake. Cecilia akaendelea, na hakuendelea siku ile tu. Miaka miwili alikata nyasi, akazipandisha, akazifukia mahali ambapo hakuvuna hata jani la mboga, akiishi kwa migomba michache nyuma ya nyumba. Kila msimu alifukia kipande cha mkeka. Majirani waliona haya, wakarudia mitaro yao, wengine wakinyunyiza chumvi kidogo juu ya majani, wengine wakiiacha kabisa.

Masika ya tatu yakikaribia kuisha, Mzee Dadi alipanda peke yake na kijiti. Akafukua. Kipande cha mkeka kilitoka kimeliwa pembeni, katikati bado kinashikika, na udongo uliokiganda ulikuwa mweusi. Akainama, kwa mgongo wake ule, akanusa. Kisha akatuma Modesta na Stefano waitwe, akamtia Modesta jembe mkononi.

"Chukua. Shamba limepona."

Modesta alisimama na jembe, machozi yakimtoka, halafu akageuka akateremka mbio kumtafuta mama yake. Alimkuta bondeni, amejitwisha nyasi tayari kuzipandisha kwenye shamba la jirani, lile la mwisho lililokuwa halijapona.

"Mama, tumepewa!"

"Mungu ashukuriwe," Cecilia akasema. Hakuutua mzigo. "Nitakuja nikimaliza hapa."

Modesta akaweka jembe jipya chini, akakata nyasi zake, akajitwisha, wakapanda pamoja.