Ufunguo Mmoja wa Fundi

Fundi cherehani alikuwa na ufunguo mmoja tu wa duka, na aliuvaa shingoni. Ufunguo wa pili, alikuwa akisema, ni mwizi wa pili. Siku hiyo duka lilikuwa limefungwa, gauni la bibi harusi limo ndani, linatakiwa saa tisa. Fundi mwenyewe yuko hospitali, kitengo cha uangalizi wa watoto, binti yake wa miaka miwili amemlalia mapajani kama kitambaa kilicholowa.

Kitengo hicho si wodi. Nesi alimweleza mapema: mtoto anatazamwa saa chache, kisha daktari anaamua, nyumbani au juu kulazwa. Anayetapika hunyweshwa maji ya chumvi na sukari, bomba dogo la sindano lisilo na ncha, moja kila dakika tano, na mzazi anatia alama kwenye karatasi. Saa nne mfululizo bila kutapika, na nepi iwe na mkojo, ndipo mlango ufunguke. Kitufe cha mlango kilikuwa mezani kwa nesi. Mtoto mmoja, mzazi mmoja, na baba wa mtoto alikuwa safarini na lori.

Walianza saa nne asubuhi.

"Dada nesi, tufanye saa mbili."

"Mama, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni sokoni, mwanangu. Haya, tatu."

Nesi alicheka, lakini hakupunguza.

Saa sita mtoto akakaza meno, akalala. Fundi akatazama karatasi, akatazama kalamu. Mtu anayepima kiuno kwa macho hashindwi na alama ishirini na nne. Akajaza zote mpaka saa nane, safu imenyooka kama mshono.

Nesi akapita, akaitazama saa ya ukutani. "Mama, sasa ni saa sita na nusu. Mtoto ameshakunywa mpaka ya saa nane?"

Mama wa kitanda cha jirani akaangua kicheko. "Huyo anakunywa ya kesho!"

Safari hii nesi hakucheka. Akaifinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikakawia kurudi, ishara kwamba mwili umepungukiwa maji. Akaichana karatasi. "Tunaanza upya. Sijui lipi la kweli na lipi umelishona."

Sasa mwisho ni saa kumi na nusu, basi. Fundi akaenda mlangoni, akausukuma kwa kiganja. Mlango wala haukutikisika.

Akampigia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kwa miaka sita fundi amemnyima hata kushika mkasi wa dukani. Wifi alifika saa nane na nusu, uso kwenye kioo cha mlango.

"Toa gauni, funga, rudisha hapahapa. Cherehani usiiguse."

"Wewe wifi! Uko kifungoni, bado unanipa masharti?"

Fundi akauvua ufunguo, nesi akaupitisha. Shingo ilimwasha pale ulipokuwa.

Saa tisa na dakika arobaini mtoto akanywa mabomba matatu kwa pupa, kisha akatapika yote kwenye kanga. Nesi alikuwa amegeuka. Jirani alikuwa anasinzia. Kanga ingekunjwa, ingeingia mfukoni, na hakuna ambaye angejua.

Fundi akaifinya ngozi ya tumbo kama alivyoona nesi akifanya. Ilikawia bado. Akachukua kalamu, akaandika saa, akaandika: ametapika.

Nesi alipokuja akasoma mara mbili. "Mama, unajua hii maana yake nini?"

"Najua. Anza kuhesabu," fundi akasema, akavuta kiti na kujaza bomba jingine.