Mama Sawa Kwenye Siku ya Malalamiko

Kila mji una wazimu wake. Huu ninamoishi nikijitolea, mbali na kwetu, wazimu wake ni kulalamika. Mara moja kwa mwaka watu wazima, wenye akili zao na familia zao, huvaa nguo za kutokea, wakaenda uwanjani kupanda juu ya kreti la soda na kunung'unika dakika tatu mpaka kengele ilie. Sharti ni moja tu: unayemlalamikia awepo. Mshindi hupakiwa kwenye toroli, na aliyelalamikiwa humsukuma hadi popote mshindi atakapo. Mwaka uliotangulia diwani alimsukuma kinyozi juu ya mashimo yaleyale kinyozi aliyoyalalamikia, wakaanguka wote wawili.

Nilikwenda kucheka. Tulikuwa kundi la watu wa kujitolea: muuguzi mmoja mrefu, mtunza bustani aliyepiga picha kila kitu hata mapipa ya taka, Msimamizi wetu asiyeachana na fomu zake, na Mama Sawa.

Mama Sawa alitoka nchi moja na mimi. Alikuwa fundi cherehani, umri wa mama yangu, na jina hilo nilimbandika mimi. Tulipangwa pamoja chumba cha ushonaji cha hospitali: dirisha moja, vyerehani viwili, na mlima wa mashuka yaliyochanika. Ukimwambia, "Mama, leo mashuka arobaini," anajibu sawa. "Mama, hiki chumba chenye jua nilale mimi, wewe chukua kile cha nyuma." Sawa. "Mama, mgongo unaniuma, nimalizie na yangu." Sawa. "Mama, si unapika? Ongeza basi, tule wawili." Sawa, mwanangu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliona wahenga wamekosea, maana kwa Mama Sawa sikuwahi kusikia hata mshindo wa sindano ikianguka.

Lugha ya pale niliijua, kwa sababu niliwahi kufanya kazi ya mapokezi hotelini. Yeye hakujua zaidi ya salamu na "uzi mweupe". Kwa hiyo kila alilosema lilipita kwangu, na mpaka lifike upande wa pili nilikuwa nimeshalipiga pasi.

Miezi miwili kabla ya tamasha alikata uzi kwa meno, akaniambia, "Mwanangu, mwambie Msimamizi siongezi mwaka wa pili. Binti yangu ni mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka, na mimi sikuwepo. Safari hii nataka niwepo."

"Nitamwambia, mama."

Sikumwambia. Akiondoka yeye, mashuka yote yangu, na sufuria pia. Msimamizi akiuliza, nilimjibu, "Bado anafikiria, lakini anapapenda mno hapa." Jumatatu baada ya tamasha majina yangepelekwa makao makuu, na asiyekataa angehesabiwa amekubali. Kila wiki Mama Sawa aliniuliza, "Umemwambia?" Nami kila wiki nikamjibu, "Wanalishughulikia." Akasema sawa. Za mwizi arobaini, na mimi nilikuwa nimebakiza siku mbili tu.

Basi tukakaa kwenye mabenchi Jumamosi ile. Bwana mmoja alimlalamikia mbwa wa jirani, na mbwa, kwa kuwa alikuwepo, akajitetea kwa kubweka dakika zote tatu. Nilicheka hadi machozi. Nilipoyafuta, nikamwona Mama Sawa amesimama na mkoba wake.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kulalamika."

"Lugha yao huijui!"

"Si wewe upo?"

Akapanda kreti taratibu, huku akishika sketi yake. Akaninyooshea kidole. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Huyu kijana nimemlisha mwaka mzima. Nimeshona kazi yangu, nikashona na yake. Nimemwomba anifikishie neno moja tu, na amelikalia. Binti yangu anajifungua baada ya wiki sita."

Mwenye kengele akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema mablanketi ya huku ni mafupi," nikatafsiri. "Miguu inabaki nje. Na mimi ndiye ninayeyagawa."

Watu wakacheka kwa adabu. Muuguzi akapiga makofi.

Mama Sawa hakungoja wamalize. Alifungua mkoba, akatoa shuka la hospitali, akawapa watu wawili walishike pembe. Alikuwa ameshonea vitambaa juu yake, kazi safi kweli. Upande mmoja nyumba, na mlangoni msichana mwenye tumbo lililojazwa pamba mpaka likatokeza. Upande wa pili mwanamke ameinamia cherehani. Kati yao ndege ya abiria, na mbele ya ndege dume moja nene limekaa na sahani. Lilivaa shati la drafti la buluu. Lilikuwa shati langu, lile nililolitafuta wiki nzima nikamtuhumu dobi wa watu. Mdomoni lilikuwa na zipu.

Akaifungua zipu, akaanza kuvuta ulimi: utepe mwekundu, mita baada ya mita, ukashuka kwenye kreti, ukaja hadi miguuni pangu. Hakukuhitajika mkalimani. Uwanja mzima ulipiga kelele, hata mbwa.

Msimamizi peke yake hakucheka. Alitazama ndege, akatazama lile tumbo, akanitazama mimi.

"Aliwahi kukwambia anataka kurudi kwao?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Nikainama, nikaanza kuukusanya ule utepe.

Toroli likaletwa. Mama Sawa akapanda, mkoba mapajani. "Ofisini kwa Msimamizi," akaniambia. "Na mashimo uyakwepe." Kulikuwa na mlima, na umati ukatufuata wote. Nilikuwa natweta mbele ya watu niliokwenda kuwacheka.

Ofisini alitia sahihi fomu ya kurudi. Msimamizi akaniambia nimuulize kama ana lalamiko jingine juu yangu. Mama Sawa akafikiri.

"Mwambie shati lako nimelikata, ni kweli. Nimekushonea jingine, liko juu ya cherehani chako."

Nilitafsiri neno kwa neno.

Aliondoka wiki iliyofuata. Shati ninalo, na ndilo ninalovaa nikishona mashuka arobaini. Mabega yamekaa, mikono imeishia panapotakiwa, na hakuwahi kunipima kwa futi hata siku moja. Alinitazama tu. Juzi Msimamizi alikuja chumbani na kadi ya pongezi, mtoto amezaliwa salama, akaniuliza jina la binti wa Mama Sawa aliandike juu ya bahasha. Nilikula chakula cha yule mama mwaka mzima. Nilisimama pale na shati lake mwilini, nikaona aibu, kwa sababu jina hilo sikulijua.