Mkono wa Gauni Langu Umekwenda Ulaya

Nyie mnaodhani bibi anatunga, fungeni midomo msome kwanza. Juzi nilifuata gauni langu la sare ya harusi kwa fundi wa mtaa wa Makanyagio, nikakuta halina mkono mmoja. Fundi kampa kitambaa cha mkono huo mama wa Kizungu aliyekuja kuangalia viboko wa mtoni. Kila nchi anayopita huokota kitambaa, akaviungeunge kuwa blanketi huko kwao.

“Bibi, mgeni hanyimwi,” fundi akasema.

“Mgeni humchinjia kuku wako, siyo wa jirani! Harusi kesho, navaa nini?”

“Lakini atakukumbuka akijifunika.”

Mzungu mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anaondoka; nikamwonyesha bega langu. Akadhani namsalimia, akanipungia mkono, mkoba wenye kitambaa changu kaubana kwapani.

Hakuna mkarimu kama anayegawa cha mwenzie. Nikalivaa gauni hapo hapo, bega nje.

“Kesho harusini wakiniuliza mkono uko wapi, nawaleta kwako.”

Nikatoka, nikambamizia mlango.